Hilux ya kabini moja mjini Lubumbashi, na kamioneti ndogo ambazo Marekani haina tena

Nina duka la saruji, nondo na mabati huko Katuba, mjini Lubumbashi nchini Kongo, na kwa miaka saba kazi yote ya kuwapelekea wateja mizigo yao imefanywa na gari moja: Toyota Hilux ya kizazi cha tano, kile kilichoanza kutengenezwa mwaka 1988, yenye kabini moja, injini ya dizeli ya lita 2.4 isiyo na turbo, na nguvu inayokwenda kwenye magurudumu ya nyuma pekee. Wafanyabiashara wenzangu huniuliza mara kwa mara kama gari la umri huo bado linafaa kununuliwa, na jibu langu ni ndiyo, kwa masharti nitakayoyaeleza. Lakini tathmini hii ina sehemu ya pili ambayo sikuitarajia, kwa kuwa mwaka jana nilitaka kupata kamioneti (yaani pikapu) ya pili ya ukubwa huohuo kutoka Marekani, nikashindwa, na sababu za kushindwa huko zimenifanya niithamini zaidi hii niliyo nayo.

Nianze na kazi yenyewe. Gari hili limeundwa kubeba takriban tani moja, yaani mifuko 20 ya saruji ya kilo 50, na hicho ndicho kipimo cha oda nyingi za watu wanaojenga nyumba kidogo kidogo kadiri fedha zinavyopatikana. Ukingo wa sanduku la nyuma uko chini kiasi kwamba kijana wa urefu wa kawaida anashika mfuko akiwa amesimama ardhini, kando ya gari, bila kupanda. Anayepakia na kupakua mara nane kwa siku anajua maana ya jambo hilo kwa mgongo wake. Mabati ya mita tatu hutokeza nyuma, lakini yakifungwa vizuri kwa kamba na kitambaa chekundu hayajawahi kunisumbua. Gari likiwa tupu hurukaruka sana, kwa sababu springi zake za bapa zimewekwa kwa ajili ya mzigo na si kwa ajili ya starehe. Likishapata mifuko kumi hivi hutulia.

Ubora ninaouweka juu ya vyote ni udogo wake. Urefu wake haufiki mita tano, na ni jembamba, hivyo linapita katika njia za ndani za Katuba na Kenya (mtaa wa hapa mjini, si nchi) ambako mvua za Januari zimekula kingo za barabara na kuacha nafasi ya gari moja tu kati ya mfereji na ukuta. Magari ya kabini mbili ya kampuni za madini ni mazuri na yana nguvu, lakini nimeyaona yakirudi nyuma katika njia ambazo mimi nimepita na shehena kamili. Kwa mteja, tofauti hiyo ni kati ya saruji inayoshushwa mlangoni na saruji inayoshushwa kwenye kona, ikabidi alipe watu wa kuisukuma kwa mkokoteni.

Kasoro kubwa ya gari langu ni kwamba usukani uko kulia. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yaliyotumika yanayotufikia kupitia Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa yanatoka Japani, na mengine yanatoka Afrika Kusini, nchi ambazo zote huendesha upande wa kushoto. Katika mitaa ya mji jambo hili si zito. Kwenye barabara ya Likasi, nyuma ya lori lililobeba shaba, ni hatari ya kweli: dereva ameketi upande wa nje wa barabara, haoni kinachokuja mbele, na hulazimika kumtegemea aliyeketi kushoto amwambie kama njia iko wazi. Kwa sababu hiyo nimeacha kabisa kulipita gari kubwa nikiwa peke yangu.

Ndipo nikafikiri kwamba Marekani, nchi ya usukani wa kushoto na ya kamioneti nyingi kuliko nchi yoyote, ingekuwa mahali pa kawaida pa kupata ya pili. Nilimwomba mdogo wangu anayeishi Texas anitafutie: kabini moja, sanduku refu, tani moja au pungufu kidogo, isiyo ya zamani sana. Alitafuta kwa miezi kadhaa. Jibu lake lilikuwa fupi, akiniita Yaya kama tunavyomwita ndugu mkubwa: “Yaya, ndogo zote ni kuukuu, na zilizo mpya zote ni kubwa.” Alinitumia vipimo vya Ford F-150 ya kabini mbili, na nikavipitia mara mbili kwa kutoamini: gari lina urefu wa karibu mita 5.9 na upana unaozidi mita mbili, lakini sanduku lake fupi, ambalo ndilo la kawaida kwa kabini hiyo, lina urefu wa mita 1.7 hivi tu. Gari ni refu kuliko langu kwa zaidi ya mita moja, na sanduku lake ni fupi kuliko langu.

Nilitaka kujua kwa nini nchi yenye wakulima na mafundi wengi hivyo imeacha chombo chepesi cha kazi, na jibu linaanza na kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wafugaji wa Marekani walikuwa wakiuza kuku wa bei nafuu kwa wingi huko Ulaya, na Ufaransa pamoja na Ujerumani Magharibi zikapandisha ushuru ili kuwalinda wafugaji wao. Rais Lyndon Johnson alijibu kwa ushuru wa asilimia 25 juu ya wanga wa viazi, dekstrini, brandi na magari mepesi ya mizigo, ulioanza kutumika Januari 1964. Ushuru wa bidhaa zile nyingine uliondolewa baadaye, ule wa magari ukabaki. Uliwalenga Wajerumani wa Volkswagen, lakini katika miongo iliyofuata walioubeba zaidi ni Wajapani, ambao ndio waliokuwa mabingwa wa kamioneti ndogo.

Kwa muda Wajapani na washirika wao walipata njia ya kuukwepa, na njia hiyo naifahamu kwa mikono yangu. Mwaka wa tatu wa kumiliki Hilux yangu, sanduku la nyuma liliishiwa na bati kwa sababu ya kutu. Mchomeleaji alifungua boliti, watu wanne wakaliinua, na gari likabaki kabini na chasisi tupu, likitembea bila shida yoyote mpaka sanduku jipya lilipokamilika wiki iliyofuata. Sheria ya forodha ya Marekani ililiona gari la namna hiyo kuwa kitu kingine kabisa, likitozwa asilimia 4 tu. Basi kamioneti zilishushwa bandarini bila masanduku, kisha zikafungwa masanduku nchini humo. Toyota ilianza kuyatengeneza Long Beach, California, mwaka 1972, na Ford Courier iliyotengenezwa na Mazda, pamoja na Chevrolet LUV iliyotengenezwa na Isuzu, ziliingia kwa mlango huohuo. Mwaka 1980 mlango ukafungwa.

Hata hivyo, ushuru peke yake haukuziua. Miaka ya 1980 ilikuwa neema kwa kamioneti ndogo za huko, kwa kuwa Ford na Chevrolet walianza kutengeneza Ranger na S-10 ndani ya nchi, na baadaye Toyota nayo ikawa inaunda kamioneti yake Fremont, California, katika kiwanda ilichoshirikiana na General Motors. Ushuru ulichofanya ni kuwaweka nje wageni wote wasio na kiwanda huko, hivi kwamba kampuni chache zilizobaki ndani zilipochoka na magari madogo, hapakuwa na mtu wa kujaza pengo.

Zilichoka kwa sababu mbili. Faida ya gari kubwa ni kubwa zaidi, na familia za Marekani zilianza kulitumia gari la mizigo kama gari la nyumbani, zikataka milango minne na viti vya watu watano. Sababu nyingine ni sheria ya matumizi ya mafuta, na hii ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Tangu ilipofanyiwa marekebisho katika miaka ya 2000, kiwango ambacho gari jepesi la mizigo linapaswa kufikia hutegemea eneo linalopatikana ukizidisha umbali kati ya ekseli mbili kwa upana kati ya magurudumu. Eneo likiwa dogo, masharti huwa makali. Likiwa kubwa, masharti hulegea. Mtengenezaji wa kamioneti ndogo, ambayo ina umbo lisilokata upepo vizuri na springi za kubeba tani, alijikuta akidaiwa ubanaji wa mafuta unaokaribia ule wa gari dogo la abiria, na njia rahisi ya kupata nafuu ilikuwa kulirefusha gari. Sheria iliyokusudiwa kupunguza mafuta yanayochomwa ilikipa chombo kikubwa nafuu ambayo kidogo hakikuipata. Naliona hilo kuwa kosa zito.

Ranger ya mwisho ya zama hizo ilitoka kiwandani St. Paul, Minnesota, Desemba 2011, na Dodge Dakota ilikoma mwaka huohuo. Ranger mpya ilikuwa tayari inatengenezwa kwa masoko mengine, hata Afrika Kusini, lakini Ford haikuipeleka Marekani hadi 2019, ikieleza kwamba ukubwa wake ulikuwa ukiikaribia F-150. Na kuagiza ndogo kutoka nje ni vigumu, kwa sababu sheria ya mwaka 1988 inazuia gari lisilokidhi viwango vya usalama vya huko mpaka lifikishe miaka 25. Ndiyo maana Hilux za rika la yangu, ambazo sasa zimeuvuka umri huo, zimeanza kupata wanunuzi huko Marekani kwenyewe.

Mdogo wangu alipendekeza Ford Maverick, iliyotoka mwaka 2021, inayotengenezwa Mexico na kuuzwa mwanzoni kwa bei ya chini kidogo ya dola 20,000, ingawa miaka michache baadaye bei ya kuanzia ilipita 25,000. Naipongeza kwa kuthibitisha kwamba wanunuzi wa gari dogo wapo. Lakini inabeba takriban kilo 680, yaani mifuko 13 ya saruji, sanduku lake halifiki mita moja na nusu, na haina chasisi ya kujitegemea ambayo mchomeleaji wa hapa angeweza kuifungia sanduku jingine.

Kwa anayetaka Hilux kama yangu, aanze kwa kulala chini ya gari na kuangalia chasisi kwa tochi, hasa nyuma ya kabini ambako matope hukaa. Asikubali neno la muuzaji kuhusu mkanda wa taimingi, unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Aliyeniuzia mimi aliapa kuwa ameubadilisha, na fundi alipofungua aliukuta umepasuka pembeni. Gari liendeshwe mwendo mrefu mpaka injini ipate moto kabla ya kulipa, maana kichwa cha silinda cha dizeli hizi hakivumilii joto la kupita kiasi. Vipuri, au piesi kama tunavyosema hapa, vinapatikana kwa siku moja, na mafundi wanaoijua hawahesabiki.

Nimemwambia mdogo wangu aache kutafuta. Fedha alizokuwa ameniwekea zimelipia kuifungua injini na kuifanya upya, springi za nyuma na rangi ya sanduku, na Jumatatu gari limerudi kazini na mifuko 20 ya mteja wa Ruashi.