Chujio la mkaa wa maganda ya kahawa na mlonge: kutu linaondoa, metali zote ni maneno ya muuzaji

Chujio linalouzwa siku hizi sokoni hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, ni ndoo mbili za plastiki zilizopandana: ya juu imejazwa mchanga wa mto uliooshwa pamoja na tabaka nene la mkaa wa maganda ya kahawa, ya chini ina bomba la kuchotea, na mnunuzi hupewa pia pakiti za unga wa mbegu za mlonge. Bei ni shilingi 65,000. Muuzaji anadai kwamba linaondoa metali zote katika maji ya kisima.

Kwa upande wa chuma linastahili sifa. Maji ya visima vingi vya pampu nchini Uganda hutoka maangavu, lakini yakikaa kwenye jerikeni hadi jioni hugeuka mekundu, kwa sababu chuma kilichoyeyuka humo, ambacho mara nyingi hutokana na mabomba ya pampu yanayoliwa na maji yenye asidi, hukutana na hewa na kuwa kutu. Unga wa mlonge ukikorogwa katika maji kidogo na kumiminwa katika maji ya kisima, protini zake zenye chaji chanya hushikana na tope na chembe za kutu, mabonge madogo yakajitokeza na kuzama, kisha mchanga ukazuia yaliyosalia. Nililijaribu kwa chai ya rangi, kipimo ambacho akina mama wa huku hawahitaji kufundishwa. Maji ya kisimani yalitoa chai nyeusi kama wino, yenye utando juu, kwa kuwa chuma hubadilisha rangi ya majani ya chai. Yaliyochujwa yalitoa chai nyekundu ya kawaida, na mashati ya shule hayakupata tena madoa ya manjano.

Shaba, kobalti na risasi ni habari nyingine, na kwetu si habari ya mbali, maana mabaki ya mgodi wa Kilembe, ulioanza kuchimba shaba mwaka 1956, yangali kandokando ya mto Nyamwamba, na mafuriko yameyasomba zaidi ya mara moja. Risasi haionekani wala haionjeki, na kikomo chake kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 tu kwa lita. Ni kweli kwamba mkaa wa maganda hunasa metali za aina hii, lakini nafasi za kunasia hujaa, na maji yakiwa na asidi nyingi uwezo wa mkaa kunasa hupungua. Chujio lisiloeleza mkaa ubadilishwe lini, wala kuonyesha cheti cha maabara, linamtaka mnunuzi aamini kwa macho kitu kisichoonekana.

Jambo jingine ambalo muuzaji hakulitaja ni kwamba mlonge huacha mabaki ya mbegu majini, kwa hiyo maji yasiwekwe muda mrefu yakaanza kunuka, na ya kunywa lazima yachemshwe bado. Bomba la ndoo yangu linavuja, ila hilo fundi yeyote atalimaliza.

Anayesumbuliwa na kutu pekee ningemshauri alinunue. Anayeishi karibu na mabaki ya mgodi apeleke kwanza chupa mbili maabara, moja ya maji ya kisima na nyingine ya yaliyochujwa, na mkaa uliokwisha kazi asiumwage kwenye migomba, kwani metali zilizonaswa zingali humo.