Hita ya maji ya tangi, lita 50, wati 1500: uzoefu wangu

Hii ni hita ya kutundika ukutani. Tangi lake ni la chuma lililopakwa enameli kwa ndani, koili ni moja ya wati 1500, na kitufe cha joto kinazunguka kuanzia nyuzijoto 30 hadi 75. Kwa kifupi, inafanya kazi yake na haili umeme ovyo. Malalamiko yangu ni mawili: jinsi sehemu za chini zilivyofungwa, na kitabu cha maelekezo kinachonyamaza pale hasa mtumiaji anapohitaji kuambiwa.

Nianze na umeme, maana ndilo swali la kila mtu. Wengi huangalia wati, lakini wati zinakuambia tu maji yatapata moto upesi kiasi gani. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunataka wati-saa 1.16, koili iwe ndogo au kubwa. Lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni 50 × 40 × 1.16, yaani uniti 2.3. Koili hii inamaliza kazi hiyo kwa saa moja na nusu na ushee. Ya wati 3000 ingemaliza kwa nusu ya muda huo na kula uniti zilezile.

Tangi likiwa na nyuzi 60 na maji ya bomba yakiwa na 20, kwenye karatasi unapata lita 100 za kuogea zenye nyuzi 40. Usizitegemee zote, kwa sababu maji baridi huingia tangini kadiri ya moto yanavyotoka, na ya mwisho huwa vuguvugu. Hesabu 80. Kwa shawa inayotoa lita 8 kwa dakika, hao ni watu wawili wa dakika tano tano, na kila mmoja ametumia kidogo chini ya uniti moja.

Hapo ndipo ufungaji unapoonekana. Ndani ya tangi bomba la baridi ni fupi, linamwaga maji chini. La moto ni refu, linachota juu kabisa ambako maji yenye joto hukusanyika. Fundi akibadilisha pande, bluu ikawa nyekundu, shawa inachota kutoka chini: maji ya moto yanakatika baada ya ndoo moja tu, wakati taa inaonyesha tangi limeshaiva. Ukiona hivyo usiilaumu koili, kagua mabomba kwanza.

Kuna umeme mwingine unaopotea hata kama hakuna anayeoga. Hita yangu ikikaa kwenye nyuzi 60 bila kutumika inakula kama uniti moja kwa siku kurudisha joto linalopenya kwenye foma ya kuzuia joto na kwenye mabomba. Ukiipandisha hadi 75 upotevu huo unaongezeka kwa zaidi ya theluthi. Ndiyo maana ule usemi kwamba kuzima na kuwasha kunakula zaidi kuliko kuiacha inawaka si kweli. Joto hutoroka kwa kasi kadiri tofauti kati ya maji na chumba inavyokuwa kubwa. Tangi linalopoa linapoteza kidogo kuliko lile linaloshikiliwa juu. Faida yenyewe si kubwa sana: kwa saa 10 za usiku maji hushuka nyuzi 7 hivi. Kwa anayeoga asubuhi na jioni, ukiizima usiku utaokoa kidogo tu. Kwa anayesafiri, zima kabisa.

Tafadhali usiishushe hadi nyuzi 45 kwa kubana matumizi. Kati ya 20 na 45 bakteria aina ya Legionella huzaliana vizuri. Mimi naiacha kwenye 60, na nachanganya na baridi kwenye bomba la shawa, kwa sababu maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache.

Vali ya usalama inadondosha matone kila hita inapowaka, na hapa ndipo watu wengi huita fundi bure. Maji yakitoka nyuzi 20 kwenda 60 hutanuka kwa asilimia 1.5 hivi, kwa lita 50 hiyo ni kama robo tatu ya lita, na yakizuiwa na vali ya kutorudi nyuma hayana pa kwenda. Unganisha mpira mwembamba uyapeleke kwenye mfereji, ukielekea chini na ukiwa wazi mwishoni. Kuziba tundu hilo ni kutengeneza bomu. Inayodondosha mchana kutwa hita ikiwa imezimwa ni habari nyingine: ama uchafu umekwama kwenye vali, ama presha ya bomba imezidi. Inua mkono wake mara moja kwa mwezi ili chokaa isiugandishe.

Fimbo ya magnesi ndiyo kifaa kinachosahauliwa. Kazi yake ni kulika badala ya chuma cha tangi. Ikishalika zaidi ya nusu, badilisha. Ikiisha, kutu inaanza penye nyufa za enameli, na tangi likitoboka halizibiki. Kwenye maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, ikague kila mwaka. Kitabu changu hakiitaji popote.

Hita ikianza kunguruma kama birika, chokaa imevaa koili. Hailipui bili kama inavyodaiwa, kwani joto bado linaishia ndani ya maji, ila koili inajipasha kupita kiasi chini ya hilo gamba hadi ipasuke. Zima umeme kwenye sakiti breka, funga maji, mwaga tangi, fungua boliti za kifuniko, kisha loweka koili kwenye siki au asidi ya sitriki iliyoyeyushwa. Usiigonge wala usikwangue enameli. Kabla ya kuifunga, pima koili kwa mita: ya wati 1500 kwa volti 230 isome takriban omu 35, na kati ya koili na bodi mita isionyeshe njia yoyote ya umeme.

Kujaza upya kuna utaratibu wake: fungua bomba la moto, ruhusu maji ya baridi yaingie, subiri yatoke mfululizo bila hewa, ndipo uwashe. Koili ikiwashwa tangi likiwa tupu inaungua mara moja. Waya wa ardhini na breka ya kuvuja ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja, si vya hiari.

Sasa lalamiko la ufungaji. Kitufe cha kurudisha themostati ya usalama, inayokata umeme maji yakizidi joto, kimefichwa chini ya kifuniko cha plastiki chenye skrubu, kwa hiyo kila ikijikata lazima uzime umeme na ushike bisibisi. Na gasketi ya koili, mpira unaozuia maji kuvuja, haikubali kufunguliwa mara mbili. Ukiirudisha ileile, inavuja kidogo kidogo juu ya nyaya. Nunua ya akiba kabla hujagusa boliti.