Hita ipi ya maji ya moto ununue Unguja na Pemba: kuanzia bora hadi ya mwisho

Kabla ya bei, tazama maji na kimo cha simtank, yaani tangi la maji la nyumba. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, kwa hivyo maji ya kisima yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi pia. Chemsha maji yako kwenye birika kwa siku kadhaa. Likiganda ukoko mweupe, ujue na hita yako itaganda hivyo hivyo. Kimo nacho, kila mita moja kutoka chini ya simtank hadi shawa ni presha ya bar 0.1 tu.

1. Sola ya mirija ya vioo. Kwa aila ya watu watano chukua ya lita 200, yenye mirija 20 hivi. Haitaki presha, ila tangi lake lazima liwe chini ya simtank, la sivyo halijai. Tunaiweka mbele ya sola ya paneli bapa kwa sababu vibomba vyembamba vya shaba vya paneli huziba chokaa mapema. Ielekeze kaskazini, maana tuko kusini ya ikweta. Taka fremu ya aluminiamu. Chuma kilichopakwa rangi hakistahimili upepo wa bahari. Ikijaa maji inapita kilo 250, basi ikae juu ya ukuta au zege, isibebwe na bati. Usiijaze mchana: mirija iliyokwisha pata moto ikiingia maji baridi hupasuka. Jaza alfajiri. Bomba la kupumulia lisizibwe kamwe, tangi litavimba. Kwa mawingu ya masika, nunua yenye koili ya umeme ya wati 1,500. Mji Mkongwe, ulizia kibali kabla ya kugusa paa.

2. Hita ya umeme ya tangi, lita 50. Lita hizo zikiwa nyuzi 60, ukichanganya na maji ya mfereji unapata kama lita 125 za kukogea. Koili ya wati 1,500 huchukua saa moja na robo hivi. Chagua tangi la chuma lenye enameli ndani na fimbo ya magnesi. Fimbo huliwa na kutu badala ya tangi, kwa hivyo ifungue kila mwaka, na ikibaki nyembamba ibadilishe. Dukani watakusifia chuma kisichoshika kutu. Kwa maji ya chumvi hutoboka kwenye maungio. Valvu ya usalama ikidondosha maji wakati wa kupasha, ndiyo kazi yake. Usiizibe.

3. Shawa ya umeme ya papo kwa papo. Ni rahisi kununua, lakini ya wati 5,500 huvuta ampea 24: inataka waya wake peke yake wa milimita 6 za mraba, eathi ya kweli, na breka ya kukata umeme unaovuja ya miliampea 30. Fundi akitaka kuiunga kwenye waya wa taa, mkataze. Simtank ikiwa chini, presha haitoshi, haiwaki.

4. Gesi. Nayo hutaka presha, na ifungwe nje ya nyumba tu. Moshi wake ndani ya bafu huua bila harufu.

Yoyote utakayochukua, upande wa moto piga PPR, bomba la plastiki la maji ya moto, ya daraja la presha PN20. PVC ya kawaida hulainika na kuachia kwenye gundi. Weka geti valvu, yaani koki ya kufungia, kwenye maji baridi yanayoingia, uweze kuitoa hita bila kukata maji ya nyumba nzima.