Tamasha la kumuenzi Freddie Mercury: tazama hivi, na usitarajie kila kitu

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kucheza, shika rimoti. Tamasha hili la Wembley, London, la tarehe 20 Aprili 1992, la kumuenzi Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, lilirekodiwa kwa picha ya uwiano wa 4:3. Runinga za sasa huivuta ijae kioo chote, na Brian May, mpiga gitaa wa Queen, mrefu na mwembamba, anageuka bonge la mtu. Rudisha 4:3, uvumilie weusi wa pembeni. Zima pia kile kipengele cha kulainisha mwendo, la sivyo mikono ya mpiga ngoma wao, Roger Taylor, itaacha ukungu.

Sauti ndiyo inayowaangusha wengi. "Under Pressure" ya David Bowie na Annie Lennox imesimama juu ya gitaa la besi la John Deacon wa Queen, na spika ndogo za runinga humeza besi kwanza. Unganisha spika mbili za kawaida, stirio inatosha.

Kati ya matoleo, chukua diski ya Blu-ray ya 2013, iliyorudisha nyimbo kadhaa za nusu ya kwanza, zikiwemo za bendi za Metallica na Extreme. "Innuendo", wimbo wa Queen alioimba Robert Plant wa Led Zeppelin, usiutafute: maneno yalimpotea jukwaani, ukaachwa nje kwa ombi lake mwenyewe.

Nusu ya pili, wageni wanapoimba na Queen, inaonyesha jinsi nyimbo za Freddie, mtoto huyu wa Unguja, zilivyo ngumu kuimba. Wengi wanapanda juu kwa nguvu za kifua, koo linakaza. George Michael peke yake ndiye aliyeingia "Somebody to Love" bila kumwigiza Freddie na bila kukimbia noti za juu. Alisaidiwa na kwaya: studioni, Queen walijaza wimbo huo kwa kurekodi sauti zao watatu tena na tena, jambo lisilowezekana jukwaani. Hapa London Community Gospel Choir wanaziba pengo hilo, na wimbo haupwayi.

Katika "Bohemian Rhapsody", usidhani diski imeharibika jukwaa linapobaki bila waimbaji. Sehemu ya opera inatoka kwenye rekodi, kama Queen walivyofanya siku zote, kisha Axl Rose wa Guns N' Roses anatoka mbio kumpokea Elton John. Sauti ya Axl inakwaruza, lakini pale panataka mkwaruzo. Liza Minnelli anaifunga shughuli kwa "We Are the Champions" kama yuko kwenye tamthilia ya muziki; wapenzi wa roki hununa hapo, nami nawaelewa.