Ukurasa wa glavu za Fownes kwenye ukuta wa duka la mabuibui

Kazi yangu ni kushona mabuibui, na pembeni nauza vinavyoandamana nayo: mitandio, pini, na glavu nyeusi za wanaovaa ninja. Kwa hiyo anayeshangaa kwa nini nimetoa elfu nne na ushei kwa karatasi kuukuu yenye tangazo la glavu za ngozi, ajue ya kwamba glavu nazo ni riziki yangu, hata kama kwa joto la kaskazi hapa Mombasa hakuna mwenye akili zake atakayetia mkono ndani ya ngozi ya mwanambuzi. Ukurasa umekaa dukani tangu kabla ya masika. Nimeutazama vya kutosha, sasa nausema.

Si nakala. Ni ukurasa halisi uliotolewa kwenye jarida la Marekani la miaka ya 1910, nimeununua kwa muuzaji wa mtandaoni anayeshughulika na magazeti ya zamani. Mwenye tangazo ni Fownes, jina la ukoo: John Fownes alianza kutengeneza glavu mjini Worcester, Uingereza, mwaka 1777, na baadaye kampuni ikapata soko kubwa Marekani. Maneno ya tangazo ni machache mno. Kubwa ni lile walilolirudia miaka ile kila walipotangaza, kwamba hii ni Fownes, na kuhusu glavu huna haja ya kujua zaidi ya hapo. Basi. Hakuna kujisifu kuwa bora kuliko wote, hakuna kumkimbiza mteja aje leo kabla hazijaisha.

Mtu wa Mombasa hahitaji kufundishwa biashara ya namna hiyo. Nenda Mtaa wa Biashara umtazame mama anavyochagua leso. Kabla hata ya kusoma maneno yaliyoandikwa kwenye leso, atapindua pindo atafute K.H.E., Mali ya Abdulla. Akiliona, mjadala wa rangi kuchuja umekwisha, unabaki wa bei. Kaderdina Hajee Essak wako kwenye biashara tangu 1887, na herufi zile tatu kwenye pindo zimewafanyia kazi ambayo ukuta mzima wa mabango usingeiweza. Fownes walikuwa wanacheza mchezo huo huo, ila wao walilazimika kulipia ukurasa kwa sababu jina lililoandikwa ndani ya glavu halionekani mpaka uivue.

Na walikuwa na sababu ya kuling'ang'ania jina. Mwanzoni mwa karne ya 19 Worcester na vijiji vyake palikuwa na watengenezaji wapatao 150, na watu kama 30,000 wakila kwa glavu. Uingereza ilikuwa imepiga marufuku glavu za nje. Mwaka 1826 marufuku ikaondolewa, glavu za Ufaransa zikaingia, na wengi Worcester wakafunga. Kule Grenoble, Ufaransa, katika miaka ya 1830, Xavier Jouvin akapima mikono ya watu, akaipanga kwa saizi, kisha akabuni kikatio cha chuma kilichokata glavu kwa umbo moja kila mara. Ukishindana na watu kama hao, huwezi kusema tu kwamba na wewe unauza glavu. Waliosalia ni waliokuwa na jina la kutaja. Dents, watengenezaji wengine wa glavu, nao ni wa Worcester, na wao pia huandika 1777 (mji mmoja, mwaka mmoja, sijui waligawanaje wateja), na mwaka 1953 glavu aliyovaa Malkia Elizabeth kutawazwa ilitoka kwao.

Nirudi kwenye ukurasa wangu. Mchoro ni wa mwanamke mwenye kofia pana, amesimama upande, anaivuta glavu ya mkono wa kushoto ikae. Sehemu kubwa ya karatasi imeachwa tupu, na mimi ninayebanana kwenye duka la futi nane nimeona wivu kwa nafasi ile. Ila raha yenyewe iko mkononi mwa yule mwanamke, na lazima usogee. Mgongoni mwa glavu mna mistari mitatu ya mshono. Dole gumba limekatwa kivyake, likaingizwa. Na kati ya kidole na kidole mchoraji ameweka mishono miwili, si mmoja. Hapo nilimkubali. Glavu ya ngozi iliyoshonwa na anayejua huwa na ukanda mwembamba kati ya vidole, ndio unaokipa kidole unene wake, na ukanda una kingo mbili, kwa hiyo mishono miwili. Asiyewahi kuishika glavu asingechora hivyo.

Sasa zile ninazouza mimi: vipande viwili vya kitambaa kinachovutika vilivyoungwa pembeni, ndani ya mfuko wa nailoni ulioandikwa saizi moja kwa wote. Kazishona nani, mfuko hausemi. Siku ile nilipotundika fremu, bi mkubwa mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alisimama akatazama ukuta, akatazama mfuko mkononi mwake.

"Mwanangu, hizi nazo ni za nani?"

"Za jumla tu, bi mkubwa. Hazina mwenyewe."

"Ndiyo maana zinafumuka kidole cha shahada."

Nikampunguzia shilingi hamsini.

Kasoro yangu kwa tangazo si ya uchapaji. Ni kwamba limeliinua jina la mwenye kampuni, mshonaji hayumo. Glavu za Worcester zilikatwa na wanaume karakanani, kisha zikapelekwa vijijini kwa wanawake waliozishona majumbani kwao wakilipwa kwa idadi. Walikuwa na kibanio chenye taya za shaba zilizochongwa meno. Unakanyaga kwa mguu, taya zinafunguka, unaweka kingo mbili za ngozi, unaachia, halafu sindano inapita kwenye kila pengo la meno, na mishono inatoka sawasawa bila kupima kwa jicho. Ningelipia zaidi kwa tangazo lenye picha ya kibanio hicho. Wenye kampuni waliona heri kuonyesha kofia.

Kuhusu muuzaji, sina malalamiko. Karatasi ilifika Posta ya Digo Road ikiwa imelazwa kati ya kadibodi mbili ngumu, haikukunjwa. Nilikuwa na shaka kama kweli ni ya zamani, kwa hiyo nikaazima lenzi ya sonara jirani yangu. Picha imejengwa kwa vitone vyeusi vilivyojipanga kwa safu, vikubwa penye kivuli, vidogo penye mwanga, hakuna ukungu wa rangi unaouona kwenye nakala za printa ya siku hizi. Ukipitisha kidole nyuma ya herufi kubwa unahisi zilivyoizamia karatasi. Na nyuma kuna nusu ya hadithi inayokatika katikati ya sentensi. Anayeghushi hajisumbui na upande wa nyuma.

Matumizi kwa Pwani ndiyo yanataka tahadhari. Karatasi za majarida yale zilitokana na mti, zina tindikali ndani, na mwanga na unyevu huziharakisha kugeuka hudhurungi na kukatika. Fundi fremu wa kwanza niliyempelekea alishafungua gundi ya mbao aibandike kwenye plaiwudi, nikainyakua nikaondoka. Wa pili alinisikiliza. Ameishikilia kwa vibanzi vya karatasi kwenye pembe bila gundi, akaweka kadi nene iliyotobolewa katikati ili kioo kisiguse wino, maana kioo kikitoa jasho, na chetu hutoa, karatasi hugandia humo. Kadi isiyo na tindikali nilimwagiza yule yule muuzaji, hapa mjini sikuipata. Fremu iko ukuta usiopigwa na jua la alasiri, mbali na pasi ya mvuke.

Naupa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na gharama ya kusafirisha, iliyokaribia bei ya ukurasa wenyewe. Kwa fundi wa ngozi, mshonaji, au mwenye duka anayefikiria aandike nini kwenye kibao chake, nunua halisi, na mwombe muuzaji picha ya upande wa nyuma kabla hujalipa. Kwa anayetaka pambo la sebuleni, nakala inamtosha, hata rangi zake zitang'aa zaidi, na unyevu ukiiharibu anachapisha nyingine.