Kadi ya memori ya droni: itafute V30 kabla ya kuuliza gigabaiti

Kadi iliyonifanya niandike mwongozo huu ilikuwa na maandishi "100 MB/s" kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kampuni iliyoitengeneza, na muuzaji aliniapia kwamba inafaa droni yoyote inayorekodi video ya 4K. Niliijaribu nyumbani kwa kuirusha droni dakika moja juu ya paa, nikaiona video iko safi, nikaridhika. Wiki mbili baadaye niliamka usiku ili nirekodi jua likichomoza juu ya ziwa. Droni ilipanda vizuri, upepo ulikuwa umetulia, lakini ilipofika dakika ya tano, ukingo wa jua ukiwa ndio kwanza unajitokeza, skrini ya rimoti ilionya kwamba kadi ina kasi ndogo na kurekodi kukakoma. Nilibonyeza tena kitufe chekundu. Ikarekodi sekunde chache, ikakoma tena. Nikaendelea kubonyeza na kusubiri hadi jua likawa limeshapanda juu kabisa.

Nilipoirudisha kadi, muuzaji aliichomeka kwenye simu, akapiga picha moja, akaniambia kwamba kadi ni nzima na tatizo ni droni yangu. Nilirudi nyumbani nimeudhika, nikanakili faili ya gigabaiti 30 kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kadi hiyo huku nikiangalia mchoro wa kasi. Ilianza kwa megabaiti 60 kwa sekunde na kuendelea hivyo hadi zilipoingia gigabaiti 5 hivi. Kisha mstari ukaanguka ghafla hadi 14, ukabaki hapo hadi mwisho. Ndipo nilipoitazama kadi yenyewe kwa makini, nikaona alama mbili ndogo ambazo sikuwa nimezijali: namba 10 iliyo ndani ya herufi C, na namba 1 iliyo ndani ya herufi U. Zote mbili zina maana moja, kwamba kadi inaahidi kuandika kwa kasi isiyopungua megabaiti 10 kwa sekunde. Kwa hiyo kadi ile ilikuwa imetimiza ahadi yake na hata kuizidi kidogo. Kosa lilikuwa langu kwa kuisoma ahadi nyingine.

Hili la kasi kuanguka katikati ya kazi ndilo nitakalokaa nalo, kwa sababu wanunuzi wengi hawalijui na wauzaji hawalitaji. Namba kubwa iliyochapishwa usoni mwa kadi kwa kawaida ni kasi ya kusoma, yaani kasi ya kuhamisha video kutoka kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta baada ya kazi kwisha, na hata hiyo hutanguliwa na neno "hadi" lililoandikwa kwa herufi za kisirisiri. Droni ikiwa angani haisomi. Inaandika, tena bila kupumzika. Kadi nyingi za siku hizi huhifadhi biti tatu katika kila chembe ya kumbukumbu, kazi inayochukua muda, kwa hiyo huanza kwa kuandika biti moja tu kwa kila chembe katika sehemu fulani ili zionekane zina kasi, na kuzipanga data vizuri baadaye. Sehemu hiyo ya haraka ikijaa, kadi hulazimika kuandika kwa njia ya polepole, na hapo ndipo uwezo wake halisi huonekana. Jaribio la dakika moja juu ya paa haliwezi kamwe kufika huko, na ndiyo maana kadi ya aina hii husifiwa na kila aliyeinunua juzi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kasi ya video ya droni hutajwa kwa megabiti, na kasi ya kadi kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gawanya namba ya droni kwa 8. DJI Mini 2 hurekodi hadi megabiti 100 kwa sekunde, yaani megabaiti 12.5. Mini 3 Pro, Mini 4 Pro na Air 3 hufika megabiti 150, ambazo ni megabaiti 18.75. Mavic 3 hufika 200 katika video zake za kawaida, yaani megabaiti 25. Utaona kwamba hakuna hata moja inayoweza kuaminiwa mikononi mwa kadi inayoahidi 10 tu, na kwamba zote zinatoshelezwa na kadi inayoahidi 30. Ahadi ya 30 huandikwa kwa namba 3 ndani ya herufi U, au kwa V30. Mimi husisitiza V30 kwa sababu alama za V ziliwekwa mahususi kwa ajili ya kurekodi video, na namba yake huisoma moja kwa moja bila kufasiri: V10 ni megabaiti 10, V30 ni 30, V60 ni 60, V90 ni 90.

Alama ya A1 au A2, ambayo wauzaji hupenda kuinyooshea kidole, inahusu kuendesha programu za simu kutoka kwenye kadi, yaani kusoma na kuandika vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika. Droni huandika mkondo mmoja mrefu. Usilipe zaidi kwa ajili ya A2.

Chaguo langu la kwanza ni SanDisk Extreme ya gigabaiti 128, na sifichi kwamba kampuni hii naipendelea. Ninazo tatu, zimepita kwenye droni mbili, na hakuna hata moja iliyowahi kunikatia video. Ina U3 na V30, na kampuni inaipa kasi ya kuandika ya hadi megabaiti 90 kwa sekunde, kiasi kwamba hata ikipungua sana bado inabaki juu ya mahitaji ya droni. Kwa video ya megabiti 150, dakika moja hula gigabaiti 1.125, kwa hiyo kadi ya 128 inabeba karibu saa moja na dakika 50, muda unaozidi betri tatu za Mini 4 Pro. Watu hunishauri ninunue ya 512 nisibadilishe kadi kamwe. Mimi naona heri kadi mbili ndogo, kwa sababu droni ikitumbukia majini huzama na yote iliyorekodi siku hiyo, na ningependa video za asubuhi ziwe tayari mfukoni mwangu.

Angalia usichanganye Extreme na Ultra ya kampuni hiyohiyo. Extreme ina rangi nyekundu na ya dhahabu, Ultra ina nyekundu na kijivu, na katika kabati la kioo lenye taa kali mtu hupotea kwa urahisi. Ultra ni kadi nzuri ya simu, lakini ina U1 na haina V30. Extreme Pro nayo siipingi, ila katika ukubwa wa gigabaiti 128 kasi yake ya kuandika iliyotangazwa ni ileile 90. Kinachozidi ni kasi ya kusoma, ambayo nayo huipati mpaka uwe na kisoma kadi kinachoiwezesha.

Ya pili ni Lexar Professional 1066x. Ina U3 na V30, na kuanzia gigabaiti 128 kasi yake ya kuandika hutangazwa kuwa hadi 120, juu ya kipenzi changu, kwa hiyo anayetaka kunibishia ana hoja. Jina lake, hata hivyo, ni mfano mzuri wa ninacholalamikia. Ile 1066x maana yake ni mara 1066 ya kilobaiti 150 kwa sekunde, kasi ya zamani ya kusoma diski ya CD, na ukizidisha unapata megabaiti 160, ambazo kwa mara nyingine tena ni za kusoma.

Ya tatu ni Kingston Canvas Go! Plus, nayo ni ya U3 na V30. Nimeiazima kwa rafiki mara kadhaa na haikunipa sababu ya kulalamika wala ya kuisifu.

Samsung EVO Plus naiweka ya nne, na si kwa ubaya. Tatizo ni kwamba jina moja linabeba kadi zenye ahadi tofauti. Katika toleo la 2021, ya gigabaiti 64 ina U1 na V10, ilhali ya 128 na zaidi zina U3 na V30. Mtu anayesikia "EVO Plus inafaa" kisha akanunua ndogo ili abane matumizi anajikuta palepale nilipokuwa mimi ziwani. Ukiichagua, chukua kuanzia 128, na usome kadi yenyewe badala ya tangazo.

Kadi za V60 na V90 sizipangi kabisa, kwa sababu kasi yao ya ziada hupitia safu ya pili ya vituo vya umeme mgongoni mwa kadi, na droni za kawaida zina nafasi ya kadi ya aina iitwayo UHS-I, inayogusa safu moja tu. Unalipia barabara ambayo gari lako haliingii. Kadi za bei ya chini kabisa, zisizo na jina linalojulikana wala alama ya V, ziacheni kwa redio za gari.

Kuna jambo la wauzaji ambalo siwezi kulipita. Wanazitoa kadi kwenye paketi, wanazipanga kwenye sahani kama karanga, na swali la pekee wanalokuuliza ni "unataka GB ngapi?" Ukiuliza V30 wanakutazama kana kwamba umetaja dawa isiyokuwapo. Kisha kuna wale wanaouza kadi bandia, ambayo kidhibiti chake kimepangwa kuidanganya droni kwamba ina gigabaiti 512 ilhali kumbukumbu iliyomo ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Ikijaa, video mpya hupotea au hufuta za zamani, na hujui mpaka urudi nyumbani. Bei ikiwa chini sana kuliko kadi ya aina hiyohiyo kwingine, mara nyingi ndiyo hiyo.

Kwa hiyo kila kadi mpya, hata ya SanDisk, huipitisha kwanza kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw. Wenye Linux au Mac wanatumia F3. Programu hizi huijaza kadi nzima kisha kuisoma tena ili kuthibitisha kwamba kilichoandikwa kipo, na faida ya pili ni kwamba hukuonyesha kasi ya kuandika ya kadi nzima badala ya ile ya gigabaiti za mwanzo. Jaribio huchukua muda mrefu kwa kadi kubwa, basi lianze kabla hujalala. Kadi ikipita, ifomati ndani ya droni yenyewe, na baadaye kila unapomaliza kunakili video zako, fomati tena badala ya kufuta moja moja, kwani ahadi ya V30 inategemea kadi iandikwe kwa vipande vikubwa vilivyofuatana, na ukifuta hapa na pale unaacha mianya inayoipunguza kasi hata kadi nzuri.

Ile kadi ya ziwani bado ninayo. Iko kwenye spika ndogo ya jikoni, inacheza muziki, na kwa kazi hiyo haijawahi kukwama.