Kliniki ya akili niliyopelekwa nikiwa nasikia sauti: nyota nne, ya tano sijaitoa

Hii rivyu naiandika nikiwa na akili zangu timamu, naanza na hilo maana mara ya kwanza nilipotaka kuiandika nilikua bado wodini na nikajaza kurasa kumi na nne ndani ya masaa mawili, hamna sentensi hata moja inayoeleweka, dada angu kazitunza na kila nikimuudhi ananitishia kuzisoma mbele za watu. Kliniki yenyewe siitaji jina, anayetafuta sehemu ya kwenda atajua cha kuangalia kutokana na yaliyonikuta mimi.

Nina baipola, ugonjwa wa mudi kupanda juu kupita kiasi na kushuka chini kupita kiasi kwa vipindi. Miaka miwili kabla ya haya nilienda sehemu nyingine kabisa nikiwa chini, siamki kitandani, siogi, nikapewa dawa za dipresheni na tarehe ya kurudi. Hakuna aliyeniuliza kama kuna vipindi nakuwa juu kupita kiasi, na mimi sikusema, kwa nini niseme, zile siku ndo nilikua najiona mzima kuliko watu wote. Kumbe mwenye baipola akipewa dawa za dipresheni peke yake, bila dawa ya kushikilia mudi, zinaweza kumrusha juu. Sisemi ndo kilichonirusha mimi, ila lile swali moja tu lingebadilisha mambo mengi.

Safari hii ilianza na usingizi. Masaa matatu kwa usiku na asubuhi sina uchovu hata chembe, naongea haraka mpaka watu wananiambia nipumue, nina mipango ya biashara sita kwa mpigo. Mpaka hapo raha. Alafu kama siku ya sita mtangazaji wa habari kwenye tivii akaanza kuongea kuhusu mimi, hanitaji jina, ila mimi najua. Nilikua nimechaguliwa kwa kazi kubwa, kazi gani sielezi hapa maana mpaka leo naona aibu. Siku mbili mbele ile kazi kubwa ikageuka, sasa kuna mtu nje ya dirisha anatangaza kila ninachofanya, anainuka, anafunga mlango, anajifanya haogopi. Kilichonitisha haikua sauti yenyewe. Ni kwamba nusu yangu inajua hakuna mtu pale nje na nusu nyingine inaamini kabisa, na hizo nusu mbili zinagombana ndani ya kichwa kimoja saa nane usiku.

Nilimwambia dada. Sikumwambia "nasikia sauti", nilimwambia aje aangalie dirishani. Akaangalia, akarudi akakaa, akasema, "Mdogo wangu, simuoni mtu, ila naona umeogopa sana, twende tukaongee na watu wanaojua." Hakubishana na mimi wala hakujifanya kamuona, na baadae nikagundua ndivyo hata manesi wanavyofanya. Kitu kingine alichokifanya, na hiki kilisaidia kuliko vyote, aliandika kwenye karatasi: tangu lini silali, masaa mangapi, nimeanza kusema nini siku gani, dawa zipi nakunywa. Mimi nikihojiwa nilikua naruka kutoka hapa mpaka pale daktari anabaki na kalamu hewani, ile karatasi ndo iliyoongea.

Sasa mapokezi. Hapa ndo nusu ya hasira yangu ilipo. Tulikaa masaa matatu, sawa, wagonjwa wengi, hilo naelewa. Ila jamani, sehemu ya kusubiria ya kliniki ya akili mmeweka tivii kubwa, sauti juu, taarifa ya habari! Nimekuja nimekimbia mtangazaji nyumbani nikamkuta ananisubiri ukutani. Nilisimama kuondoka mara mbili na dada akanikalisha mara mbili. Mwishowe akaenda kumuomba nesi, nesi akaizima palepale bila swali, akatuhamishia kwenye korido ambako hakuna kelele. Kwa hiyo watu wazuri, ila hakuna aliyekaa akafikiria ule ukumbi kwa macho ya mgonjwa.

Ndani mambo yakawa tofauti kabisa. Yule nesi wa kwanza aliuliza kitu ambacho niliogopa kuulizwa na nilikua nimeapa kukikataa. "Hizo sauti zinakuambia ufanye kitu? Zinakuambia ujidhuru, au umdhuru mtu?" Aliuliza kwa sauti ile ile aliyoniulizia umri. Hakushtuka, hakumwangalia dada kwanza. Na mimi ambaye nilikua nimejipanga kusema "nina mawazo tu, silali vizuri", nikasema yote. Watu wengi tunaficha hapa hapa, tunaogopa tukisema sauti tutafungiwa milele. Ukificha unatibiwa ugonjwa mwingine, mimi ni shahidi, nimepoteza miaka miwili.

Kabla ya kuniambia naumwa nini walitoa damu na mkojo. Wakapima tezi ya thairoidi, sukari, figo, maambukizi, na madawa ya kulevya pia, dada akakasirika, "kwani huyu mvuta bangi?" Daktari akamweleza taratibu kwamba thairoidi ikizidi kasi, au maambukizi yaliyofika kwenye ubongo, au bangi, au hata dawa za steroidi za hospitali, vyote vinaweza kuleta picha kama hii, na hawezi kuweka jina la ugonjwa kabla ya kuondoa hivyo. Hapo nilimpenda.

Alafu akauliza swali ambalo sikulielewa maana yake mpaka baadae: zile sauti huwa zinakuja hata mudi ikiwa kawaida, au zinakuja ukiwa juu sana au chini sana tu? Kwangu ni juu tu. Kwaiyo akasema hii ni mania, yani kule kuwa juu kupita kiasi, yenye saikosisi, yani kusikia au kuamini visivyokuwepo, kwenye baipola, sio skizofrenia, ambayo sauti zake zinakuja hata mudi ikiwa kawaida. Akasema pia kwamba katika watu wenye baipola ya aina ya kwanza, ile yenye mania kamili, zaidi ya nusu wanapitia dalili za namna hii wakati fulani maishani. Zaidi ya nusu! Na mimi nilidhani niko peke yangu dunia nzima, nimechaguliwa au nimelaaniwa, kutegemea na siku.

Wodini nilikaa siku kumi na mbili kwa kukubali mwenyewe. Kwa anayeogopa wodi: milango inafungwa ndiyo, simu wanachukua, usiku kuna mtu atapiga kelele. Zaidi ya hapo ni kuboreka tu. Kilichonisumbua ni nesi wa usiku kupita na tochi kila saa, kila mwanga ukinipiga moyo unaruka, nikamwambia, na kuanzia usiku uliofuata akawa anataja jina lake mlangoni kabla ya kuwasha. Kitu kidogo. Hiki peke yake nakipa nyota mbili kati ya zile nne.

Dawa: olanzapini usiku, ya kutuliza sauti na mania, na lithiamu, ya kushikilia mudi. Usiku wa kwanza nililala masaa kumi na moja. Ila msidhani sauti zinazimwa kama taa. Zilipungua kidogo kidogo kama wiki mbili hivi, kwanza hazina hasira tena, alafu maneno hayasikiki vizuri, mwisho ikawa kama redio ya jirani wa nyumba ya tatu, unajua inaongea lakini haiongei na wewe. Ubaya wa olanzapini ni njaa, njaa ya saa saba usiku, niliongezeka kilo tisa kwa miezi minne, na hili walinionya mapema na wakawa wananipima uzito na sukari kila nikirudi.

Lithiamu sasa. Ni dawa ya zamani, daktari John Cade wa Australia ndo aliyeandika mwaka 1949 kwamba inatuliza mania, na mpaka leo bado inatumika. Inataka heshima lakini. Damu inapimwa masaa kumi na mbili baada ya kidonge cha mwisho, wengi wanawekwa kati ya 0.6 na 1.0 (milimoli kwa lita), ikipanda kupita 1.5 inaanza kuwa sumu: mikono inatetemeka vibaya, kutapika, kuharisha, kutembea kama mlevi. Na hapa ndo nyota ya tano ilipopotelea. Mimi mgongo unauma miaka yote na nilikua nakunywa diklofenaki. Diklofenaki na ibuprofeni zinapandisha lithiamu kwenye damu. Ilikua imeandikwa kwenye karatasi ya dada, mstari wa mwisho, na hakuna aliyeiona, nimeruhusiwa nimeenda nyumbani nazo zote mbili! Aliyeishtukia ni mfamasia nilipoenda kununua nyingine, akaniuliza natumia nini kingine, akaniambia nirudi nikapimwe leo leo. Nikarudi, ilikua 1.3. Daktari aliomba msamaha bila kuzunguka zunguka, akabadilisha dawa ya mgongo, akanieleza na habari ya maji, kwamba nikiharisha au nikitoka jasho sana nisikae kimya. Msamaha nimeupokea. Nyota siirudishi.

Ufuatiliaji mzuri. Walipiga simu wiki ya kwanza, na kabla sijatoka tulikua tumeandika mimi, dada na nesi dalili zangu za mwanzo: nikilala chini ya masaa matano siku mbili mfululizo, nikianza kupigia watu simu usiku, nikianza kuona maana kwenye namba za magari. Dada ana ruhusa yangu ya kuwapigia hata mimi nikikataa, hiyo niliisaini nikiwa nimetulia.

Mwezi wa tano nikajiona nimepona nikaacha lithiamu ghafla. Wiki tatu, mtangazaji karudi. Niliona aibu kurudi pale kuliko hata mara ya kwanza, na daktari hakunigombeza, alisema tu siku nikitaka kuacha nimwambie, tutapunguza polepole kwa miezi, kwa sababu kuikata ghafla ndo kunaita mania irudi haraka. Nimeendelea nayo.

Kitu kimoja, hii kliniki ni ya miadi. Kama sauti zinakuamrisha ujiumize au uumize mtu, au unafikiria kufa, usisubiri tarehe, nenda dharura ya hospitali yoyote saa hiyo hiyo na usiende peke yako.

Wiki iliyopita nilikua na kipimo cha damu. Tivii bado ipo ukutani pale pale, ila rimoti sasa anakaa nayo nesi wa mapokezi na sauti wameitoa. Nilikaa kiti cha mbele nikaiangalia mpaka zamu yangu ikafika. Yule mtangazaji alikua anasoma hali ya hewa.